Mwalimu Ni Mimi, Mwanafunzi Ni Mimi: Deni la Ukweli kwa Anayejiandaa Peke Yake

Katika Zone Industrielle ya Bujumbura kuna ghala ambalo taa yake ya nje haizimwi usiku kucha, umeme ukiwapo. Nalijua vizuri kwa sababu mimi ni karani wake wa usiku, siku nne kwa wiki. Mchana ni mwanafunzi wa Kiswahili. Kazi yangu ghalani ni kuhesabu magunia yanayoshushwa, kuandika namba za malori na kutia saini. Lori likichelewa, na malori hayaachi kuchelewa, mimi hukaa chini ya taa ile pamoja na mlinzi, ambaye huku kwetu tunamwita zamu, nikafungua kitabu. Kwa miezi kumi na minne sasa kitabu hicho kimekuwa cha kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza.

Wenzangu wa darasani wamenitania vya kutosha. Mwanafunzi wa Kiswahili anakesha na Kiingereza! Lakini wao pia wanaijua sababu. Ukitaka kuendelea na masomo ya juu ng'ambo, hata kama unakwenda kusoma isimu ya Kiswahili chenyewe, vyuo vingi vya Ulaya na Marekani hukudai cheti cha kuthibitisha kwamba unajua Kiingereza. Chumba ni cha lugha yetu, lakini kufuli la mlangoni ni la lugha nyingine. Hilo ni jambo la kujadiliwa, na wengi wamelijadili kabla yangu, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o. Mimi leo nina swali dogo zaidi, ambalo limenisumbua kuliko hilo kubwa. Mtu anayejiandaa peke yake, bila mwalimu wala darasa, ana deni la ukweli kwa nani? Na akikariri insha za watu wengine ili apite, amefanya kosa gani, ikiwa hakuna aliyeumia?

Kwa wasioujua mtihani wenyewe, nieleze kwa ufupi. Ninaouandalia mimi ni IELTS, ambao umekuwapo kwa jina hilo tangu mwaka 1989. Una sehemu nne. Kusikiliza kuna maswali 40 na huchukua takriban nusu saa. Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza maneno yasiyopungua 150 na ya pili yasiyopungua 250. Kuzungumza ni mahojiano ya dakika 11 hadi 14 na mtahini. Alama huanzia 0 hadi 9, na vyuo vingi hutaka 6.5 au zaidi. Matokeo kwa kawaida huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu, kana kwamba lugha ni maziwa. Ada katika nchi nyingi inazidi dola 200 za Marekani, fedha ambazo karani wa ghala hazipati kwa mwezi mmoja, wala kwa miwili.

Kwa nini basi najiandaa peke yangu? Kwa sababu nikiwa na fedha, ni za ada. Za kozi hazipo. Tena Kiingereza tulichokikuta shuleni kilikuwa bado kichanga. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Sheria hutiwa saini kwa siku moja, lakini mwalimu hapatikani kwa siku moja. Mwalimu wangu wa kwanza wa Kiingereza, Mungu ambariki, alikuwa akijifunza usiku somo atakalotufundisha asubuhi. Simlaumu. Leo nami nafanya vivyo hivyo, ila darasa langu lina mwanafunzi mmoja, naye ni mimi.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Anayejifunza peke yake ni mwalimu, ni mwanafunzi, tena ni msahihishaji. Katika kusikiliza na kusoma hakuna shida, kwa sababu majibu yako nyuma ya kitabu na 27 ni 27. Lakini insha ataisahihisha nani? Niliandika insha, nikasoma vigezo vya kusahihisha vilivyotolewa kwa umma, nikajipa 6. Baada ya miezi mitatu nikajipa 6.5, kisha 7. Nilifurahi sana. Wala sikuwa nimejidanganya kwa makusudi. Nilipokuta sentensi isiyoeleweka, mimi niliielewa, kwa kuwa nilijua nilichotaka kusema. Huo ndio udhaifu wa mtu kujisahihisha: anasoma nia yake, hasomi maneno yake.

Kisha mwenzangu mmoja, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani uleule, akanitumia kwenye simu faili lenye insha 40 zilizokwisha kuandikwa na mtu tusiyemjua. Zilihusu utalii, mazingira, teknolojia, malezi ya watoto, msongamano wa magari, kila mada na insha yake. "Kariri ishirini tu," aliniambia. "Mada hazitoki nje ya hapo. Unabadilisha maneno mawili matatu, umemaliza." Nikakariri. Katika wiki sita nilikuwa na insha 22 kichwani, nikitembea nazo kutoka Buyenzi hadi kazini huku nikizinong'ona kama nyiradi. Nilipojipima kwa mada zilizofanana nazo nilijipa 8. Hata hapo sikushtuka.

Sehemu ya kuzungumza nilikuwa nimeitafutia njia nyingine. Malori yanayotuletea mizigo hutoka Dar es Salaam, na mara mojamoja dereva ni mtu wa Kenya au Uganda anayekizungumza Kiingereza bila kukiogopa. Mmoja wao, mtu mzima wa Mombasa, alikubali kuwa mtahini wangu kila akipita. Tulikaa juu ya magunia matupu, yeye ameshika simu kuangalia dakika, mimi nikimlipa kwa chai na maandazi. Usiku mmoja aliniuliza kwa Kiingereza nimweleze mahali ninapopapenda katika mji wangu. Nikaimwaga insha ya utalii, yote, bila kukwama hata mara moja. Aliniangalia, akaweka simu chini, akarudi kwenye Kiswahili: "Kijana, umemaliza kusoma risala? Haya, sasa zungumza na mimi." Akaniuliza swali lilelile. Ziwa Tanganyika halikuwa mbali na pale tulipokaa, na hakuna mahali ninapopapenda kuliko ufukwe wake saa ya jua kuzama. Sikuwa na sentensi hata moja ya Kiingereza ya kulisema ziwa hilo.

Nilimsimulia mwenzangu habari hii, naye akanipa hoja tatu. Ni hoja nzuri, na sitazipunguza nguvu ili nizishinde kwa urahisi. Ya kwanza ni ya haki. Alisema mtihani huu ni kama kizuizi cha barabarani kinachotoza tozo isiyo ya haki, na anayetozwa bila haki halazimiki kufungua mfuko wake wote. Ya pili ni ya madhara. Nikikariri insha nikapita, nani ameumia? Nitafika huko na Kiingereza nitajifunzia huko huko. Ya tatu ni ya lugha yenyewe. Alisema lugha yote ni kukariri. Hakuna kati yetu aliyeibuni "shikamoo". Mtoto wa madrasa pale Buyenzi huhifadhi sura nzima kwa Kiarabu kabla hajajua maana yake, na hakuna anayemwita mwongo.

Nianze na hii ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyonikwamisha muda mrefu zaidi. Ni kweli kukariri si uongo. Sisi tunaosoma ushairi tunajua kwamba anayehifadhi tenzi nyingi ndiye anayekuja kutunga vizuri. Lakini tumwangalie mtoto wa madrasa kwa makini. Anaposoma, kila mtu msikitini anajua kwamba maneno si yake na kwamba maana bado inamsubiri. Hajidai kitu. Na anayetumia methali huanza kwa kusema "wahenga walisema". Anaazima mbele ya watu na anataja aliyemwazima. Mimi katika chumba cha mtihani ningeweka jina langu juu ya karatasi, nayo karatasi ingesema: hivi ndivyo mtu huyu anavyofikiri na kuandika akipewa dakika arobaini na mada asiyoijua. Maneno yangekuwa sahihi, ila ushahidi wake ungekuwa wa uongo.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha maadili yanayoitwa ya Nikomako, ana hoja inayotufaa hapa. Anasema mtu anaweza kutoa sentensi yenye sarufi sahihi kwa bahati tu, au kwa kuelekezwa na mwingine, lakini hawi mjuzi wa sarufi mpaka aitoe kutokana na ujuzi ulio ndani yake. Yeye aliitumia hoja hiyo kueleza wema: tendo zuri peke yake halimfanyi mtu kuwa mwema kama halitoki kwake. Nilipoisoma niliona mambo hayo mawili yanakutana kwangu. Insha yangu ya utalii ilikuwa na sarufi isiyokuwa yangu, na furaha niliyoipata kwayo ilikuwa ya ustadi nisiokuwa nao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na dereva mmoja na swali moja walitosha kuivuta.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuujua mtihani si kosa. Kujua kwamba kuna dakika 60, kwamba kazi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, kwamba swali la kusikiliza husikika mara moja tu, huko ni kuujua mlango. Mgeni akiuliza mlango uko upande gani hajaiba kitu. Kujifunza mpangilio wa insha, yaani utangulizi, hoja na hitimisho, nako ni halali, kwa kuwa mpangilio ni chombo na kilichomo ndani bado ni changu. Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: je, mtu akinisimamisha katikati ya sentensi na kuniuliza "una maana gani?", naweza kumjibu kwa lugha ileile? Nikiweza, sentensi ni yangu hata kama niliipata kwa mwingine. Nisipoweza, mimi ni mpeleka barua asiyejua kusoma.

Sasa hoja ya madhara. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha udanganyifu katika vituo vya mtihani wa TOEIC nchini Uingereza: watu wakiwafanyia wengine mtihani, na msimamizi akisoma majibu kwa sauti. Serikali iliwataka ETS, ambao ndio wenye mtihani, wachunguze. Mitihani zaidi ya 33,000 ikatangazwa batili, na mingine zaidi ya 22,000 ikatiliwa shaka. Wanafunzi kwa maelfu walipoteza viza, baadhi wakawekwa kizuizini au kuondolewa nchini. Kwa miaka mingi baadaye wengi waliendelea kusema kwamba hawakudanganya, wakaenda mahakamani, na baadhi yao wakashinda. Ukilitazama jambo hili utaona kwamba walioumia si wadanganyifu peke yao. Waliumia waliofanya mtihani wao wenyewe, kwa kichwa chao wenyewe, katika vituo hivyohivyo. Aliyedanganya hakumjua aliyekaa jirani naye, lakini alitumia jina jema la jirani huyo bila kumwomba.

Mimi nimekulia Buyenzi, na jambo hili silisomi kwenye magazeti tu. Huku kwetu neno "Mswahili" mara nyingine hutamkwa kumaanisha mtu mjanja, asiyeaminika, mwenye maneno mengi. Wengi wetu tumekutana nalo, sokoni au katika kutafuta kazi. Tunajua uchungu wa kushukiwa kwa sababu ya kosa la mtu usiyemjua. Basi siwezi kusema kwamba nikidanganya hakuna anayeumia. Kuna kijana atakayekuja nyuma yangu kutoka mtaa uleule, ataweka cheti chake mezani, na mtu wa upande wa pili atakitazama mara mbili.

Imebaki hoja ya haki, ambayo ndiyo nzito kwa moyo. Nakubali kwamba mlango huu haukutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Aliyezaliwa London halipi kitu kuthibitisha kwamba anajua lugha ya mama yake, na mimi natakiwa kulipa kila cheti kikipitwa na miaka miwili. Nakubali pia kwamba kuna hali ambapo ukweli mbele ya mlango si jambo la kwanza. Mkimbizi anayekariri maneno ili avuke mpaka akiwa hai, mimi si hakimu wake. Eneo letu hili limeona wakimbizi wengi mno kwa mtu kuhubiri kirahisi. Lakini nikijipima kwa haki, mimi sikimbii kifo. Natafuta shahada. Nikikosa mwaka huu nitabaki na kazi, na chakula, na darasa langu la Kiswahili. Haja yangu ni kubwa, ila si ya kufa na kupona, na sina ruhusa ya kuvaa dharura ya mtu mwingine.

Tena uongo mbele ya mlango usio wa haki hauubomoi mlango. Unauimarisha. Kila udanganyifu ukigundulika, kamera huongezwa, masharti hukazwa, na maskini anayefuata hukuta kufuli mbili mahali palipokuwa na moja. Anayetaka kuupinga mlango huu ana njia zake: aandike, ahoji, avitake vyuo vikubali vithibitisho vingine vya lugha, adai nafasi ya msomi wa Kiswahili kupimwa kwa Kiswahili. Hizo ni njia ndefu, nazo hufanywa mchana, kwa jina la mtu. Kukariri kwa siri hakupingi chochote.

Nirudi sasa kwenye neno "peke yake". Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, anahesabiwa mfano mkubwa wa mtu aliyejifundisha kusoma. Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba mke wa bwana wake mjini Baltimore alimwanzishia herufi kabla mume hajamkataza, na kwamba baada ya hapo aliwapa watoto wa Kizungu maskini mkate mitaani, nao wakampa masomo. Hata aliyenyimwa kila mwalimu alikuwa na walimu. Nami ninaposema nimejiandaa peke yangu nasahau dereva wa Mombasa, zamu anayeniamsha nikisinzia juu ya kitabu, na mwalimu yule wa shule aliyekuwa hatua moja tu mbele yetu. Hao ndio ninaodaiwa nao. Walinipa muda wao ili nijue, hawakunipa ili nionekane najua. Nikienda mtihanini na maneno ya mtu wa kwenye faili, nimewalipa kwa noti bandia.

Mdai wa mwisho ni mimi mwenyewe, naye ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa huyu anaweza kusamehe deni bila kujua kwamba lilikuwapo. Darasani uongo una shahidi. Chini ya taa ya ghala hauna. Kwa hiyo naona kwamba wajibu wa kwanza wa anayejifunza peke yake ni kutafuta mtu wa kumwambia "hapana", hata kabla ya kutafuta kitabu kizuri.

Mimi nilimtafuta. Kuna mwalimu mstaafu mtaani kwetu aliyewahi kufundisha Kiingereza. Nilimpelekea insha tatu nilizoziandika mwenyewe, bila faili, nikamwomba anisahihishie kwa vigezo vilevile nilivyokuwa nikivitumia. Alizirudisha baada ya siku mbili. "Mwanangu," aliniambia, "hapa ni 5.5. Na nimekupendelea kidogo." Nilikuwa nimejipa 7. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya tarehe ya mwisho ya kuomba ufadhili nilioutaka. Nilijua kwamba 5.5 haifiki 6.5 kwa wiki tano. Nilifuta faili, na ufadhili wa mwaka huo ukanipita.

Mwenzangu hakulifuta lake. Alifanya mtihani, akapita, na sasa yuko ng'ambo. Sitamaliza insha hii kwa kusema kwamba aliadhibiwa, maana sivyo ilivyokuwa. Vigezo vinasema kwamba jibu likithibitika kuwa lote limekaririwa hupewa sifuri, lakini yeye hakubainika. Hunipigia simu. Anasema mihadhara ni migumu na kwamba katika kazi za kikundi hunyamaza sana, ila anasonga mbele. Kuna usiku ninapohesabu magunia nikamwonea wivu, na sioni aibu kukiri. Ikiwa ukweli unafaa kushikwa kwa sababu tu unalipa, basi nilishika kitu kibaya.

Lakini wiki iliyopita dereva wa Mombasa alipita tena, baada ya miezi miwili ya kukosekana. Akaweka simu juu ya gunia, akaniuliza swali lake lilelile. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba napenda ziwa, kwamba jioni milima ya Kongo huwa myeusi upande wa pili, na kwamba nilipokuwa mdogo nilidhani pale ndipo dunia inapoishia. Nilikosea nyakati za vitenzi mara mbili, na neno moja nililitafuta nikalikosa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, "Na sasa unadhani inaishia wapi?" Nikamjibu. Hatukuangalia dakika.